Siti moja, abiria wawili: uzi wa kuweka mbiu (taarifa za papo hapo) kwenye mfumo wa tiketi

#1 KondaWaSeva

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka jana, kila nikikaa kuandika simu inaita. Leo umeme umekatika, laptopu ina chaji asilimia 70 na sina kisingizio tena.

Kwa wasionijua, natunza mfumo wa kukatia tiketi wa kampuni moja ya mabasi, jina tuliache. Wana dirisha pale Kituo cha Magufuli Mbezi, wana mawakala Kibaha, Chalinze, Korogwe mpaka Moshi, na siku hizi abiria wengi wanakata wenyewe kwa simu. Mfumo umeandikwa kwa Django (ya Python), databesi ni PostgreSQL, mbele yake nginx inayopokea maombi yote kwanza. Skrini ya wakala ni ramani ya basi: siti ya kijani iko wazi, nyekundu imeuzwa.

Sasa wakala wa Mbezi akiuza siti 14, wa Kibaha atajuaje?

Mwanzo nilifanya kama tunavyofanya wengi. Kila skrini inaiuliza seva kila baada ya sekunde 5: kuna jipya? Skrini 60 zikiwa wazi hayo ni maulizo 720 kwa dakika, na karibu yote yanajibiwa "hakuna". Ni kama mtu anayekudai anayepita mlangoni kila saa kuuliza kama mshahara umeingia. Mshahara haujaingia, na wewe hulali.

Nikageukia mtindo ambao wenyewe wanauita pub/sub. Humu nitauita mbiu, maana wazee waliujua kabla ya kompyuta: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mpiga mbiu hajui nani yuko nyumbani na nani yuko shamba. Anapiga, wa karibu wanasikia, na aliyekuwa mbali ndiyo imempita hivyo. Hilo la aliyekuwa mbali lishikeni, ndilo lililonitoa jasho.

Mpiga mbiu wangu ni Redis, programu inayoshika data kwenye kumbukumbu na kupitisha ujumbe. Kabla hujaandika mstari wowote wa programu, fungua madirisha mawili ya amri, yote yawe kwenye redis-cli (programu ya kuiandikia Redis amri). La kwanza andika:

`SUBSCRIBE safari:8`

La pili:

`PUBLISH safari:8 "siti 14"`

Dirisha la kwanza litatoa papo hapo jina la chaneli, yaani njia ya mbiu (hapa safari:8), na "siti 14". La pili litajibu `(integer) 1`. Hiyo 1 ni idadi ya waliosikia. Sasa lifunge dirisha la kwanza, tangaza tena. Jibu ni `(integer) 0`. Ujumbe umeenda wapi? Haupo. Hauko kwenye foleni wala kwenye diski, na hakuna cha "utaupata ukirudi". Ukilielewa jaribio hili la dakika mbili umeelewa nusu ya uzi huu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: brauza haiongei na Redis. Brauza imeshika soketi ya WebSocket (muunganisho unaobaki wazi) mpaka kwenye prosesi ya Django (nakala ya programu inayokimbia kwenye seva), na prosesi ndiyo iliyojiunga na chaneli kule Redis. Mbiu inapita mikono miwili, na mkono wowote unaweza kuachia.

Soketi Django inazishika kwa nyongeza iitwayo Channels, na unachagua tabaka la kupitishia mbiu. Kwenye laptopu nilitumia InMemoryChannelLayer, linaloishi ndani ya kumbukumbu ya prosesi, mambo yakaenda kama maji. Nikapeleka kwenye seva yenye prosesi 4, yakaanza malalamiko ya kishirikina: mawakala wawili wamekaa meza moja, mmoja anasema "kwangu inabadilika", mwenzake "kwangu haibadiliki". Kumbe kila prosesi ilikuwa inajipigia mbiu chumbani kwake. Nyaraka za Channels zimeandika waziwazi kwamba tabaka hilo si la kazi halisi. Sikusoma.

Nikahamia channels_redis, matabaka yanayopitia Redis, na humo nako kuna mtego. Tabaka la kawaida, RedisChannelLayer, halitumii mbiu ya Redis kabisa. Linaweka ujumbe kwenye orodha, na usiposomwa ndani ya sekunde 60 unatupwa. Linalotumia mbiu yenyewe ni RedisPubSubChannelLayer. Nilikaa mwezi mzima nawaelezea watu natumia la pili huku natumia la kwanza. Na ukiona soketi inajibiwa 404 wakati njia umeiandika vizuri, kaangalie nginx kama inapitisha vichwa (maelezo yanayotangulia ombi) vya Upgrade na Connection. Bila hivyo Django inadhani ni ombi la kawaida la ukurasa.

Halafu ikaja Desemba.

Mliowahi kusafiri kwenda Kilimanjaro kabla ya Krismasi mnajua hali ya Mbezi. Saa 11 na nusu alfajiri konda ananipigia, nyuma yake nasikia kelele. Siti 14 ina tiketi mbili. Mama mmoja amekata Mbezi saa 9 alasiri ya jana, amekaa na mtoto mapajani. Kijana mmoja amekata Kibaha dakika moja baada yake, amesimama kwenye korido ameshika simu juu kila mtu aione: "Mimi nimelipa, hii hapa." Wote wawili wana haki. Konda ananiuliza mimi, niliye kitandani Tabata, nani ashuke.

Nikaingia kwenye logi. Saa 9:02:10 mtandao wa wakala wa Kibaha ulikatika. Saa 9:02:21 siti 14 ikauzwa Mbezi, mbiu ikapigwa. Saa 9:02:33 Kibaha akarudi hewani, soketi ikajiunganisha yenyewe vizuri kabisa, na skrini yake ikaendelea kuonyesha 14 ya kijani. Mbiu ilipigwa akiwa shamba. Na mimi, kwa uvivu wangu, nilikuwa nakagua siti kwa kuisoma tu ile ramani ya skrini kabla ya kuandika tiketi.

Nilirekebisha hivi. Kwanza databesi, maana hapo ndipo palipooza:

`UniqueConstraint(fields=["safari", "siti"], name="siti_moja_tiketi_moja")`

Sasa hata skrini idanganye vipi, wa pili anakataliwa kwenye mlango wa databesi. Kisha nikabadilisha skrini: kila soketi inapounganika, hata kama ilikatika nusu sekunde, inavuta ramani nzima upya kabla ya kusikiliza chochote. Na kila safari nikaipa namba ya toleo inayopanda kila siti inapobadilika. Mbiu inabeba siti na toleo. Skrini ikiwa toleo la 210 na ikasikia 212, inajua 211 imeipita, inavuta ramani.

La mwisho: tangaza baada ya databesi kukubali, usitangaze kabla.

`transaction.on_commit(lambda: tangaza(safari.id, siti, toleo))`

Mwanzo nilikuwa natangaza katikati ya muamala, yaani databesi bado haijakubali mabadiliko. Redis ni nyepesi kuliko muamala wangu, kwa hiyo skrini ilisikia mbiu, ikakimbia databesi, ikakuta siti bado ya kijani. Mbiu ya kweli, jambo halijafika.

Mama alikaa. Kijana alipandishwa basi la saa 1 kwa gharama ya kampuni, na gharama ile ilikatwa kwangu. Chaji 38. Karibuni.

#2 mpigadebe_mstaafu

Naweka kambi hapa. Nasubiri wajuzi.

#3 Kiranja_wa_Kompyuta

Mkuu, uzi mzuri ila niulize kwa nia njema. Skrini 60, maulizo 720 kwa dakika, hiyo ni 12 kwa sekunde. Seva ya bei ya chini kabisa inabeba hizo imelala. Ulikuwa na haja gani ya Redis, soketi, na kijana kusimama kwenye korido?

#4 KondaWaSeva

Umenikamata pabaya, na nitasema kweli. Ningebaki na kuuliza kila sekunde 5 nikaweka lile katazo la databesi siku ya kwanza, kijana angekaa. Kwa mtu mwenye skrini 60 ndani ya ofisi yenye faiba, naungana na wewe, aache.

Kilichonisukuma ni bando. Mawakala wa njiani wanatumia simu, na maulizo hayo yanakula data yao kutwa nzima, hata saa ambazo hakuna siti inayouzwa. Basi la siti 45 linatoa mbiu 45 tangu linafunguliwa mpaka linajaa, na chache za wanaoghairi. Basi. Walipoacha kununua vifurushi viwili kwa siku ndipo nilipoona faida, hata kabla ya kuiangalia seva.

#5 Nyangumi wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu Konda, pole kwa yaliyokupata, hata huku tumelia kilio hicho.

Mimi kazi yangu ni malipo. Mteja anabonyeza lipa, Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) inamtumia dirisha la PIN kwenye simu, na jibu la M-Pesa linakuja kwa seva yangu baadaye, si kwa brauza ya mteja. Brauza imekaa pale inazunguka kiduara. Kwa hiyo nahitaji mbiu kutoka mahali jibu linapopokelewa hadi ule ukurasa mmoja unaongoja.

Ninachotaka kusema ni kwamba WebSocket ni ya kwenda na kurudi, na wengi wetu tunahitaji ya kuja tu. Tumieni EventSource. Ni HTTP ya kawaida isiyofungwa, seva inaandika mistari polepole. Ikikatika brauza inaunganisha tena yenyewe bila wewe kuandika kitu, na inarudi na kichwa cha Last-Event-ID, yaani inakwambia "mara ya mwisho nilisikia namba 211". Lile toleo lako ulilolijenga kwa mkono, hapa lina nafasi yake tayari. Lakini kumbuka kuzitoa zilizompita ni kazi ya seva yako, usidhani EventSource inakuhifadhia.

Mambo matatu yatakayokuuma. nginx inakusanya majibu kwanza ndiyo itume, kwa hivyo mteja hapati kitu halafu anapata vyote kwa mpigo. Tuma kichwa cha X-Accel-Buffering kikiwa no. nginx hiyo hiyo ikikaa sekunde 60 bila kusikia neno kutoka kwa programu yako inakata, basi tuma mstari unaoanza na nukta mbili kila sekunde 20. Brauza inaupuuza ila njia inabaki hai. Na kwa HTTP/1.1 brauza inaruhusu miunganisho 6 tu kwa tovuti moja. Mteja akifungua tabo ya saba ya duka lako itabaki nyeupe. Ukiwasha HTTP/2 shida hiyo inaisha.

Kisha jibu la malipo laweza kuja zaidi ya mara moja. CheckoutRequestID (namba ya ombi la malipo) iwe ya kipekee kwenye databesi, kama ile siti yako. ResultCode 0 amelipa, 1032 amekataa mwenyewe. Mimi sikumtofautisha aliyekataa na aliyekwama, ukurasa ukawa unawaambia wote "subiri kidogo".

#6 Mzee wa Foleni

Vijana, mnanifurahisha.

Konda, tayari una PostgreSQL. Kwa nini umeongeza chombo kingine cha kukuamsha usiku? PostgreSQL ina LISTEN (kusikiliza) na NOTIFY (kutangaza). Na uzuri wake kwa kisa chako: NOTIFY ndani ya muamala haitoki mpaka muamala ukubaliwe. Ukighairiwa, mbiu nayo inakufa. Lile kosa lako la kutangaza mapema usingeweza kulifanya hata kwa makusudi.

Mipaka yake muijue. Mzigo wa ujumbe lazima uwe chini ya baiti 8000, kwa hiyo hutumi picha, unatuma namba. Na kama mbele ya databesi umeweka PgBouncer ikigawa miunganisho kwa muamala, LISTEN haifanyi kazi, kwa sababu muunganisho uliojiunga nao si wako tena muamala ukiisha. Msikilizaji mpe muunganisho wake wa moja kwa moja. Nilipoteza siku mbili hapo, nikimlaumu kijana wangu wa kazi ambaye hakuwa na kosa.

Aliyekuwa mbali bado imempita, hilo halibadiliki.

#7 KondaWaSeva

Shikamoo mzee. Hilo la NOTIFY nililisoma nikalipita kwa sababu Redis nilikuwa nayo tayari kwa vikao vya watumiaji (kukumbuka nani ameingia). Leo ningeanza upya ningeanza na lako.

#8 Mzee wa Foleni

Marahaba. Basi usibomoe kinachofanya kazi.

#9 data_ni_dhahabu

Mnapoteza muda na vitoto. Wekeni Kafka. Inahifadhi ujumbe kwenye diski, msomaji anarudi nyuma anavyotaka, kila kikundi kina alama yake pale kilipoishia. Tatizo lote la "aliyekuwa shamba" linaisha.

#10 binti_wa_bandarini

Kaka Data, Kafka ilizaliwa LinkedIn, ikatolewa kwa umma mwaka 2011, kwa sababu walikuwa na mafuriko ya matukio. Konda ana siti 45. Unamuuzia mtu lori la tani 30 abebee sufuria ya wali.

Halafu hata na Kafka, skrini ya Kibaha bado inapokea kupitia soketi. Kafka haifiki kwenye brauza. Sekunde 23 zile alizokuwa hana mtandao zingepotea vile vile mkono wa mwisho.

Niongeze lingine ambalo hakuna aliyeligusa. Chaneli za Redis hazijui namba ya databesi. Nilikuwa na Redis moja, kazi halisi ipo kwenye databesi 0, majaribio databesi 1, nikajiona nimetenganisha. Funguo ndiyo zimetengana. Mbiu hapana: ukitangaza ukiwa 1, aliyejiunga akiwa 0 anasikia. Siku moja nikafanya jaribio na ujumbe "MELI IMEZAMA JARIBIO TU", na sisi tunafanya kazi ya kufuatilia mizigo. Ukatokea kwenye skrini za wateja. Neno "jaribio tu" halikumtuliza mtu yeyote. Tangu hapo kila chaneli yangu inaanza na `halisi:` au `jaribio:`, na Redis ni mbili.

Na kabla ya kumruhusu mtu ajiunge na chaneli, mwulize ni nani. Nimeshaona mfumo ambao ukibadilisha namba kwenye anwani ya soketi unaanza kusikia malipo ya mteja mwingine. Ukaguzi ufanyike wakati wa kujiunga na chaneli, si wakati wa kufungua soketi tu, maana soketi moja inaweza kuomba chaneli nyingi. Na mlango wa 6379, ambao Redis inasikilizia, usiuache wazi kwa dunia nzima. Redis tangu toleo la 3.2 inajilinda usipoiwekea nenosiri, halafu watu wanaizima hiyo kinga kwa sababu mafunzo fulani ya YouTube yamewaambia wazime.

#11 mpigadebe_mstaafu

Meli imezama jaribio tu 😂😂😂 Dada umenivunja mbavu.

#12 Kiranja_wa_Kompyuta

Mkuu Konda narudi tena. Lile katazo lako la siti na safari, abiria akighairi inakuwaje? Tiketi iliyofutwa bado ina safari ile ile na siti ile ile. Siti itakuwa imekufa mpaka Moshi.

#13 KondaWaSeva

Imekufa kweli, siku tatu, mpaka wakala wa Korogwe alipouliza mbona siti 31 haiuziki na haina mtu. Katazo liwe na sharti: `condition=Q(imefutwa=False)`. PostgreSQL inalielewa vizuri. Asante kwa kulitaja, nitalirekebisha kule juu.

#14 fundi_tanki

Na mimi nina swali. Tiketi ikiuzwa natakiwa kumtumia abiria SMS. Nimetumia mbiu hiyo hiyo: prosesi ya SMS imejiunga na chaneli, ikisikia inatuma. Ni sawa?

#15 binti_wa_bandarini

Si sawa. Skrini ikikosa mbiu inavuta ramani, hakuna aliyeumia. SMS ikikosa mbiu abiria hapati namba ya basi. Na siku utakayoiwasha upya prosesi ya SMS, zote za sekunde zile zimepotea. Ukiweka prosesi mbili ili moja ikifa nyingine iwepo, ndiyo unaharibu zaidi: mbiu inasikiwa na wote, kila abiria anapata SMS mbili na wewe unalipia mbili.

Hapo unahitaji sanduku la posta. Ukitaka kubaki na Redis, tumia Streams, zipo tangu toleo la 5. XADD inaweka barua, XREADGROUP inaichukua kwa niaba ya kikundi kiasi kwamba prosesi mbili hazigombei barua moja, na ukimaliza unasema XACK. Usiposema, barua inabaki kwenye orodha ya zisizokamilika na mwenzako anaweza kuidai. Weka MAXLEN (ukomo wa idadi ya barua) lakini, la sivyo siku moja kumbukumbu ya seva itajaa barua za mwaka juzi.

Hata hapo barua inaweza kusomwa mara mbili: umetuma SMS, ukafa kabla ya XACK. Andika kwenye databesi kwamba tiketi hii imeshatumiwa.

#16 Mzee wa Foleni

Sawa kabisa, binti. Na msikilizaji mzembe naye ana adhabu yake. Akijiunga halafu akawa msomaji mvivu, Redis inamlimbikizia ujumbe kwenye bafa (hifadhi ya muda), na kwa mipangilio ya kawaida ikifika megabaiti 32, au ikikaa juu ya 8 kwa sekunde 60, inamkata. Watu wanaona soketi zinakatika "bila sababu" kumbe ni prosesi yao imekwama kwenye hesabu nzito.

#17 dereva_wa_GPS

Nachungulia tu, mimi nipo upande wa vifaa. Kwenye magari tunatumia MQTT, mtindo wa mbiu wa vifaa. Ilitengenezwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyounganishwa kwa setilaiti, mahali ambapo kila baiti ni pesa na mtandao unakatika ovyo. Ukiangalia barabara ya Segera usiku, ndiyo sisi.

Ina vitu ambavyo Redis haina. Unachagua ngazi: 0 nitupie tu, 1 hakikisha umefika hata mara mbili, 2 mara moja kamili. Unaweza kuacha ujumbe mmoja umebandikwa kwenye mada (ndiyo chaneli ya MQTT), na anayejiunga saa hii anaupata hapo hapo, kwa hiyo ramani ya mabasi haianzi tupu. Na kifaa kinaacha wosia: kinapojiunga kinasema "nikifa ghafla, tangaza hivi". Basi likipotea mtandaoni, wosia unasomwa na ofisi inaona kijivu. Brauza nayo inaweza kusikiliza MQTT kupitia WebSocket.

#18 KondaWaSeva

Wosia! Hilo nalichukua.

Nimalizie na la kuwasha upya seva maana nimeulizwa faragha. Ukiiwasha upya, soketi zote zinakatika sekunde moja na zote zinarudi sekunde moja, na kwa kuwa nimeziamuru zivute ramani nzima, databesi inapigwa kwa mkupuo. Nimeweka kila skrini isubiri muda wa kubahatisha kati ya sekunde 1 na 10, na ikishindwa iongeze mara mbili. Wakala haoni tofauti. Na simu ikifungwa skrini brauza inalala na soketi inakufa kimyakimya, kwa hiyo nasikiliza tukio la visibilitychange, ambalo brauza hutoa ukurasa unapofichwa au kuonekana tena. Wakala akiwasha simu, ramani inavutwa kabla hajagusa siti.

Umeme umerudi.

#19 mpigadebe_mstaafu

Wakuu mimi nilikuwa nacheka tu, sasa nimejaribu lile la madirisha mawili. La kwanza limekubali vizuri, limenipa mpaka `(integer) 2`. Lakini nikitangaza kule la pili linasema 0. Redis yangu mbovu?

#20 binti_wa_bandarini

Tubandikie ulichoandika.

#21 mpigadebe_mstaafu

`SUBSCRIBE safari 8`

`PUBLISH safari:8 "siti 14"`

#22 binti_wa_bandarini

Umeacha nafasi badala ya nukta mbili. Umejiunga na chaneli mbili, moja inaitwa "safari", nyingine inaitwa "8". Ndiyo hiyo 2 uliyofurahia.

#23 mpigadebe_mstaafu

`(integer) 1`

Nimeita familia nzima waje waone. Hakuna aliyeelewa.